Hesabu ya Kiazi: Nguruwe, Ng'ombe na Njaa ya Ujerumani, 1914–1918

Mwanzoni mwa mwaka 1915, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa bado vichanga, wakulima wa Ujerumani walichinja nguruwe kwa kasi ambayo nchi yao haikuwahi kuishuhudia. Desemba 1914 mabanda yalikuwa na nguruwe wapatao milioni 25. Kufikia Aprili hesabu ilikuwa imeshuka hadi milioni 16 na ushei. Si wote waliokwenda kwa shinikizo la serikali, maana katika nchi za baridi nguruwe huchinjwa kwa wingi kila majira ya baridi, na ndiyo sababu wanahistoria hawakubaliani: wako wanaosema waliochinjwa kwa ajili ya sera ni milioni 5, wako wanaosema ni 9. Wananchi waliokuja kukosa nyama na mafuta walitafuta wa kumlaumu, na lawama ikawaangukia maprofesa kuliko majenerali au wafanyabiashara. Maprofesa ndio waliokuwa wameandika kwamba nguruwe anakula chakula cha binadamu, na kwamba taifa lililozingirwa lazima lichague kati ya nguruwe na mtoto.

Kisa hiki husimuliwa hadi leo kama mfano wa wasomi waliojua vitabu wasijue shamba. Kwa msomaji ambaye dini yake imemkataza nguruwe, pengine kinachekesha zaidi. Mimi naona kimesimuliwa vibaya. Walichosema maprofesa kuhusu matumbo ya mifugo kilikuwa kweli, kilipimwa kwa zaidi ya nusu karne, na hakuna aliyekipindua tangu hapo. Kosa lilikuwa kudhani kwamba ukishajua mnyama anaweza kumeng'enya nini, umeshajua analishwa nini. Tumbo hueleza kinachowezekana. Kinachofika kwenye hori huamuliwa na bei, na bei hizo serikali yenyewe ilikuwa imezipanga kichwa chini miguu juu. Ili kuliona hilo ni lazima kwanza tuingie matumboni.

Nguruwe ana tumbo moja, kama sisi. Chakula kinapofika humo hukutana na asidi na vimeng'enya, kisha huingia kwenye utumbo mwembamba ambako wanga hugeuzwa sukari, protini huvunjwa na mafuta hufyonzwa. Utumbo wake mpana una bakteria wanaoweza kuchachusha nyuzinyuzi kidogo, lakini wako mwishoni mwa safari, na faida yao kwa mnyama ni ndogo. Kwa hiyo mpe viazi vya kuchemsha, shayiri, mahindi au maziwa yaliyotolewa siagi, naye atanenepa haraka kuliko mfugo yeyote mkubwa. Mpe majani makavu matupu, atakonda mpaka afe. Kuku yuko karibu naye. Gole huhifadhi nafaka na kuilainisha, firigisi huisaga kwa msaada wa changarawe, lakini anachotafuta ni kilekile cha nguruwe na cha mtu: wanga, mafuta na protini vilivyo tayari. Farasi ni mkorofi wa mpango huu. Tumbo lake ni dogo, la lita zisizozidi 15 au hivi, lakini mwanzo wa utumbo wake mpana una mfuko mkubwa wa uchachushaji, unaomwezesha kuishi kwa majani. Hata hivyo mfuko huo uko baada ya utumbo mwembamba, hivyo bakteria wanaozaliwa humo, pamoja na protini yao, huishia kwenye kinyesi. Farasi wa kazi akipewa majani peke yake huchoka, na jeshi la 1914, lililovuta mizinga yake kwa farasi, lilidai shayiri pori bila mjadala.

Ng'ombe, kondoo na mbuzi wameugeuza mpango huo. Uchachushaji wao hutangulia tumbo la kweli. Mfuko wa kwanza wa ng'ombe mkubwa hubeba lita 100 na zaidi, na ukuta wake hautoi kimeng'enya hata kimoja: ni pipa la pombe, lenye joto la kudumu, lililojaa bakteria na vijidudu wengine wanaovunja selulosi ambayo mnyama peke yake asingeiweza. Mnyama hucheua, huongeza mate kwa makumi ya lita kwa siku ili asidi isizidi, hutoa gesi kwa mdomo, na hufyonza asidi laini zinazozalishwa na vijidudu. Zaidi ya nusu ya nishati yake hutoka kwenye asidi hizo. Halafu vijidudu wenyewe huteremka, kupitia mfuko wa pili na ule wa tatu wenye kurasa kama kitabu, hadi tumbo la nne, ambalo ndilo linalofanana na letu, na huko humeng'enywa wao. Ng'ombe hulisha vijidudu, kisha huwala.

Maarifa haya hayakuja kwa siku moja, na mengi yalitoka Ujerumani yenyewe. Miaka ya 1850 daktari wa mifugo Haubner alionyesha kwamba selulosi anayopewa mnyama anayecheua haitoki yote kwenye mavi. Sehemu kubwa inapotelea ndani. Huko Weende, karibu na Göttingen, Wilhelm Henneberg na Friedrich Stohmann walitumia miaka ya 1860 kupima kila kilichoingia na kutoka kwa maksai, na njia yao ya kuchambua malisho bado inatumika katika maabara nyingi. Katika miaka ya 1880 Tappeiner alithibitisha kwamba selulosi huvunjwa kwa uchachushaji wa vijidudu. Oskar Kellner, katika kituo cha Möckern karibu na Leipzig, aliwaweka maksai ndani ya vyumba vilivyopima pumzi zao, akagundua jambo ambalo hesabu za kemia zilikuwa zimelificha: mabua ya ngano yanameng'enywa kiasi, lakini kazi ya kuyatafuna na kuyachachusha hula sehemu kubwa ya nishati inayopatikana. Kati ya majani yanayomweka ng'ombe hai na malisho yanayompa maziwa kuna umbali mkubwa. Jambo hilo tutalirudia.

Katika orodha hiyo jina linalonivutia zaidi ni la Nathan Zuntz, aliyezaliwa Bonn mwaka 1847 na kufundisha katika chuo cha kilimo cha Berlin kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1880. Zuntz aliwahi kupima pumzi za watu juu ya milima na gharama ya kazi ya farasi anayetembea, lakini mwaka 1891 alitoa wazo lililokuwa kubwa kuliko yote hayo. Alisema kwamba vijidudu wa tumbo la kwanza wanaweza kuchukua naitrojeni ambayo si protini, vitu vya kikemia visivyo na thamani kwa nguruwe wala kwa mtu, na kuigeuza kuwa miili yao, yaani protini ambayo ng'ombe ataila baadaye. Ikiwa ni hivyo, mnyama anayecheua anaweza kutengeneza nyama na maziwa kwa vitu ambavyo havijawahi kuwa chakula. Mtu huyu, aliyeielewa tofauti ya matumbo kuliko karibu wote wa zama zake, alikuwa miongoni mwa walioketi mwaka 1914 kuiandikia Ujerumani mpango wa chakula.

Uingereza ilikuwa imefunga njia za bahari, na Novemba 1914 ikatangaza Bahari ya Kaskazini yote kuwa eneo la vita. Kwa Wajerumani hatari ilikuwa kubwa kwa upande wa malisho kuliko wa mkate. Nguruwe wao walinenepeshwa kwa shayiri ambayo nyingi ilitoka Urusi, ambayo sasa ni adui, na ng'ombe wa maziwa walitegemea mashudu yaliyotoka ng'ambo. Kundi la wataalamu chini ya Paul Eltzbacher, ambaye mwenyewe alikuwa mwanasheria, lilichapisha ripoti yake kabla ya mwaka kwisha. Zuntz alikuwamo, na Max Rubner, bingwa wa nishati ya chakula, pia. Hoja yao ilikuwa rahisi. Kiazi kikiliwa na mtu, nishati yake yote ni ya mtu. Kikipitia kwa nguruwe, sehemu kubwa huishia kama joto la mwili wa nguruwe. Ng'ombe anakula majani ambayo mtu hayawezi. Nguruwe anakula kutoka sahani yetu. Kwa hiyo punguzeni nguruwe sana, ng'ombe kidogo, na mtu ale viazi na nafaka moja kwa moja.

Kwa fiziolojia, sentensi hizo hazina dosari. Tatizo linaanza pale serikali ilipozitekeleza. Tayari mwishoni mwa 1914 ukomo wa bei ulikuwa umewekwa kwa nafaka za mkate na kwa viazi, ili mfanyakazi wa mjini apate riziki. Nyama ya nguruwe haikuwekewa ukomo, na isingewekewa hadi mwishoni mwa 1915. Mkulima yeyote mwenye akili timamu aliona mara moja maana yake: gunia la viazi likiuzwa kama viazi lina bei ya serikali, likiuzwa kama nguruwe lina bei ya soko. Akawapa nguruwe viazi, na alipoweza akawapa hata nafaka ya mkate ambayo sheria ilikataza kulisha mifugo. Serikali ikatazama viazi vinavyopotea, ikasoma ripoti ya maprofesa, ikahitimisha kwamba adui ni nguruwe. Machi 1915 ikahesabu akiba ya viazi nchini. Wakulima, wakihofu kwamba kinachohesabiwa ndicho kitakachochukuliwa, walitaja kiasi kidogo kuliko walichokuwa nacho. Takwimu zikaonyesha uhaba wa kutisha, na visu vikaongezewa kazi.

Halmashauri za miji zilikuwa zimelazimishwa kununua nyama na kuihifadhi. Makopo hayakutosha na mengine yalikuwa duni, na sehemu ya nyama ikaharibika. Kisha, miezi michache baadaye, viazi vikajitokeza kutoka mashimoni na maghalani, vingi kuliko mahitaji, na vingine vikaoza kwa kukosa mlaji. Mavuno ya 1915 yalikuwa mazuri kupindukia, karibu tani milioni 54. Bei ya nguruwe waliosalia ikapaa. Samadi ikapungua wakati uleule ambapo naitrojeni ya viwandani ilikuwa inaelekezwa kwenye baruti, na shamba lisilo na samadi wala mbolea ya dukani likaanza kutoa kidogo. Mwaka 1916 mvua nyingi zilileta bakajani chelewa, ule ukungu unaogeuza majani ya kiazi kuwa meusi na kuozesha mizizi yake ardhini, na mavuno yakaanguka hadi karibu tani milioni 25. Miji ikapitisha majira ya baridi ya 1916–1917 kwa kula tanipu.

Hapo fiziolojia ilirudi kwa ukatili. Tanipu zile za njano zilikuwa zao la malisho. Karibu sehemu tisa kwa kumi ni maji, na kilichobaki kina nyuzinyuzi nyingi. Ng'ombe hula kilo nyingi kwa siku na pipa lake huzifanyia kazi. Mtu, mwenye tumbo linalofanana na la nguruwe, hujaza tumbo hilo kabla hajapata nishati ya kumtosha. Wakazi wa Berlin na Hamburg walikuwa wanajilisha kama ng'ombe bila kuwa na vyombo vya ng'ombe, na waliopita katika majira hayo walikumbuka jinsi mtu alivyoweza kushiba na kukonda kwa pamoja.

Pingamizi la kwanza linakuja lenyewe: ikiwa matokeo yalikuwa hayo, kwa nini niseme sayansi ilikuwa sahihi? Jibu liko upande wa pili wa mpaka, Denmark. Nchi hiyo haikuwa vitani, lakini uchumi wake uliegemea mnyama kuliko wa Ujerumani. Tangu chama cha kwanza cha ushirika wa maziwa kilipoanzishwa Hjedding mwaka 1882, na kiwanda cha ushirika cha kuchinja nguruwe Horsens mwaka 1887, wakulima wa Denmark walikuwa wameunda mzunguko mzuri: mahindi na mashudu kutoka nje yanakwenda kwa mifugo, siagi inakwenda Uingereza, maziwa yaliyobaki baada ya kutoa siagi yananyweshwa nguruwe, na nyama ya nguruwe inaifuata siagi hukohuko. Mwaka 1917 nyambizi za Ujerumani zilipoanza kuzamisha meli bila kubagua, na Marekani ikaingia vitani na kubana usafirishaji wa bidhaa zake, mahindi na mashudu yakakatika. Denmark ikawa imezingirwa pande zote mbili bila kupigana na yeyote.

Mshauri wao alikuwa Mikkel Hindhede, daktari aliyeongoza maabara ya taifa ya utafiti wa lishe Copenhagen, na ushauri wake haukutofautiana na wa Zuntz. Nguruwe wapunguzwe. Shayiri waliyokuwa wanakula iende kwenye mkate na uji wa watu. Pumba zisitolewe kwenye unga na kupelekwa bandani, bali ziliwe na mtu ndani ya mkate mweusi. Nafaka inayokwenda kwenye pombe kali nayo ikatwe. Idadi ya nguruwe ilishuka kutoka takribani milioni mbili na nusu kabla ya vita hadi chini ya milioni moja mwaka 1918, wakati ng'ombe walipungua kwa kiasi kidogo zaidi. Njaa haikutokea. Hindhede alichapisha takwimu zake mwaka 1920 katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani, akionyesha kwamba vifo vya Copenhagen katika mwaka wa ubanaji mkali zaidi vilikuwa vimepungua badala ya kuongezeka. Matumbo ya nguruwe wa Denmark hayakutofautiana na ya wale wa Ujerumani. Sayansi ile ile, mnyama yule yule, matokeo kinyume.

Mtu makini atasema Denmark si kipimo cha haki. Ilikuwa na watu wapatao milioni tatu, ardhi nyingi ya kilimo kwa kila mmoja, wanaume wake hawakuwa mahandakini, na kupungua kwa pombe peke yake kunaweza kueleza baadhi ya vifo vilivyopungua. Nakubali yote hayo, na nadhani Hindhede, aliyependa mno mkate wake wa pumba, aliupa sifa kuliko ulivyostahili. Lakini pingamizi hilo linaimarisha hoja yangu. Mambo yote yanayotajwa hapo ni ya nje ya tumbo la mnyama: ardhi, watu, vita, pombe. Na muhimu zaidi, Denmark ilipunguza nguruwe baada ya malisho kukatika, na ilihakikisha nafaka iliyookolewa inafika kwa mtu kwa mgawo. Ujerumani ilichinja kwa kuamini hesabu ya ghala iliyokuwa ya uongo, kisha ikaacha mteremko wa bei uleule uliokuwa unavivuta viazi kuelekea bandani. Nguruwe wapya walipozaliwa, nao walilishwa kilekile.

Pingamizi jingine ni la wakulima wa enzi ile, na lina uzito zaidi. Walisema profesa anamwona nguruwe kama mashine ya kula viazi, ilhali nguruwe wa kijijini anakula maganda, viazi vilivyooza, maji ya kuoshea vyungu, maziwa yaliyochacha, mbegu za mialoni msituni. Anakula vitu ambavyo mtu angeweza kuvimeng'enya lakini kamwe hatavila. Hapa maprofesa hawana pa kujificha. Jedwali la malisho huonyesha kinachofaa kwa tumbo, halionyeshi kinachokataliwa na mdomo. Kati ya chakula cha mtu na malisho ya ng'ombe kuna eneo kubwa la mabaki, na eneo hilo ndilo lilikuwa makazi ya asili ya nguruwe tangu alipofugwa mara ya kwanza. Zuntz na wenzake walihesabu nguruwe wa biashara, aliyenenepeshwa kwa shayiri ya Urusi, na kumhukumu nguruwe wa mjane aliyefungwa nyuma ya jiko kwa kosa la yule wa kwanza.

Na kwa upande wa ng'ombe je, aliyeachwa hai kwa sababu hashindani nasi? Naye hakutimiza yote aliyoahidiwa. Bila mashudu, maziwa yalipungua sana, kama Kellner, aliyefariki mwaka 1911, angeweza kuwaambia. Mnyama anayeweza kuishi kwa mabua hawezi kukamuliwa kwa mabua. Wanasayansi walijaribu kuziba pengo hilo kwa kufuata mantiki ya pipa. Ernst Beckmann, wa taasisi ya kemia ya Kaiser Wilhelm huko Dahlem, alitengeneza njia ya kuloweka mabua katika magadi makali ya sodiamu kisha kuyasuuza, ili nyuzinyuzi zilegee na vijidudu waweze kuzishambulia. Mabua yaliyotibiwa hivyo yalimeng'enywa vizuri zaidi. Wilhelm Völtz alilifuata wazo la Zuntz la 1891 na kuwalisha kondoo urea, akitangaza matokeo yake vita vilipokwisha. Zuntz alifariki mwaka 1920. Wazo lake lilithibitishwa kwa ukamilifu miaka ya 1960, pale Artturi Virtanen wa Finland, aliyekuwa amepata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1945, alipowalisha ng'ombe mchanganyiko uliotakaswa ambao naitrojeni yake ilitoka kwenye urea na chumvi za amonia, na wakatoa maziwa zaidi ya kilo 4,000 kwa mwaka. Kabla ya hapo, mwaka 1944, Joseph Barcroft na wenzake wa Cambridge walikuwa wameonyesha asidi za uchachushaji zikiingia moja kwa moja kwenye damu kutoka mfuko wa kwanza.

Hata neno "wanyama wanaocheua" linaficha tofauti ambazo kamati ya 1914 haikuziona. Wafanyakazi wa reli na wachimba madini wa Ujerumani walifuga mbuzi kandokando ya njia, wakimkamua yule ambaye watu walimwita ng'ombe wa maskini, na mbuzi huyo alistahimili vita vizuri. Maelezo ya kianatomia yalikuja kutoka Nairobi. Huko R. R. Hofmann, Mjerumani aliyefundisha anatomia ya mifugo, alipasua matumbo ya swala, nyati, twiga na mifugo ya Afrika Mashariki, na kitabu chake juu ya tumbo la wanyama wanaocheua kikatolewa Nairobi mwaka 1973. Alipanga wanyama kwenye mstari: upande mmoja wale wanaochagua machipukizi na majani laini, wenye pipa dogo linalotiririsha chakula haraka, upande wa pili wala nyasi, wenye pipa kubwa lenye vyumba vingi na mwendo wa polepole. Ng'ombe na kondoo aliwaweka upande wa nyasi, mbuzi katikati, mwenye uwezo wa kubadilika kwa msimu. Wengine wamepunguza makali ya baadhi ya maelezo yake, lakini mstari wenyewe umebaki, na mfugaji wa Umasai anayechunga mbuzi vichakani na ng'ombe mbugani hakuhitaji kuambiwa.

Kuna watakaosema kwamba tofauti ya nguruwe na ng'ombe imepoteza maana siku hizi, kwa kuwa Marekani ng'ombe wa nyama humalizia maisha yake kwenye mazizi ya kunenepeshea akila mahindi, na kwa hiyo naye ameketi mezani petu. Kweli ameketi, na tumbo lake linalalamika: wanga mwingi huchachuka upesi, asidi huzidi uwezo wa mate, na mfuko wa kwanza huvimba au huumia, ndiyo maana wanaofanya biashara hiyo humzoesha taratibu na kumwangalia kwa karibu. Zaidi ya hayo, kwa mahindi yale yale nguruwe au kuku angetoa nyama nyingi zaidi. Ng'ombe anapolishwa nafaka hufanya vibaya kazi ambayo nguruwe anaifanya vizuri. Lakini angalia kinachomleta hapo. Mahindi yaliuzwa rahisi, basi yakamfikia. Kwetu pia, katika miji ya Kenya na Tanzania, kuku wa kisasa analishwa mahindi, pumba, mashudu ya alizeti na dagaa, na mwaka wa ukame bei ya unga na bei ya chakula cha kuku hupanda pamoja, kwa sababu zinatoka gunia moja.

Waingereza, waliokuwa wameifunga Ujerumani baharini, walipata nafasi ya kuifanya wenyewe hesabu ile ya nguruwe na mtu vita vya pili vilipoanza mwaka 1939. Walilima malisho kuwa mashamba ya ngano na viazi, wakawapa ng'ombe wa maziwa kipaumbele, wakaacha nguruwe wapungue hadi chini ya nusu kwa mgawo wa malisho badala ya kampeni ya kisu. Waliobaki walirudishwa kwenye mabaki. Vilabu vya kufuga nguruwe vilianzishwa mitaani, makombo yakakusanywa kwa mapipa, na kiwanda cha Tottenham, London, kikawa kinayachemsha kuwa uji mzito ambao wakazi waliuita pudini ya Tottenham. Kwa mara hiyo mnyama alipimwa kwa tumbo lake na kwa hori lake pia.

Kuchemsha hakukuwa adabu tu. Mwaka 1921 R. E. Montgomery, akifanya kazi Kenya, alieleza ugonjwa ulioua nguruwe wa walowezi karibu wote ilhali ngiri walioishi jirani hawakuonekana kuumwa. Ndiyo homa ya nguruwe ya Afrika. Virusi vyake hudumu katika nyama isiyopikwa vizuri, na mwaka 1957 vilitoka Afrika na kufika Lisbon kupitia makombo ya ndege yaliyolishwa nguruwe karibu na uwanja. Uingereza nayo ilipopigwa na ugonjwa wa miguu na midomo mwaka 2001, chanzo kikitajwa kuwa makombo ambayo hayakuchemshwa, ilipiga marufuku kulisha mifugo mabaki ya jikoni, na Umoja wa Ulaya ukafuata. Kwa hofu ya haki kabisa nguruwe wa Ulaya amefukuzwa kwenye mabaki na kurudishwa kwenye shayiri, mahindi na soya. Anayetaka kumwondoa tena huko atalazimika kwanza kusema nani atalipia moto wa kuchemshia.